Mbegu Mbovu au Wakati Mbovu?

Somo kwa makatibu na wanachama: namna ya kuamua siku ya kusia mbegu za mboga

Kila mwaka, baridi ya Juni na Julai inapoanza kulegea katika Nyanda za Juu Kusini, lalamiko moja hurudi katika ofisi za vyama vya msingi. Mwanachama amechukua pakiti za nyanya kwa mkopo, ametengeneza kitalu vizuri, amemwagilia asubuhi na jioni, na baada ya majuma matatu kitalu bado ni kitupu. Asemalo ni moja: mbegu ni mbovu. Katibu humwandikia muuzaji, muuzaji hukana, na deni hubaki katika daftari la chama kwa jina la mwanachama. Mara nyingi mbegu haikuwa na kosa lolote. Ilisiwa katika udongo usiokuwa tayari kuiamsha, ikakaa humo mpaka ikaoza.

Hasara hiyo si ya mtu mmoja. Mbegu iliyonunuliwa kwa fedha ya chama ni mali ya wanachama wote mpaka mkopo utakaporudishwa. Mbegu chotara ni ghali, nazo huuzwa kwa vipimo vidogo, kiasi kwamba kitalu kimoja kilichoharibika chaweza kumeza faida ya mavuno yaliyotangulia. Tena majuma yaliyopotea hayanunuliki. Mboga iliyochelewa huenda ikafika sokoni siku ambayo kila gari limejaa mboga kama hiyo.

Jambo la kushikwa katika somo hili ni kwamba siku ya kusia haisomwi katika kalenda peke yake. Hupatikana kwa kupima joto la udongo, kwa kuangalia maji, na kwa kuhesabu siku kurudi nyuma kuanzia siku ambayo miche itahamishiwa shambani. Mkulima aliyefanya hayo matatu anajua kwa nini amesia leo na hakusia juma lililopita.

1. Pakiti haikijui kinyungu

Pakiti nyingi za mbegu za mboga zimetoka nchi za mbali, na baadhi yake huandikwa miezi ya kupanda ya huko zilikotoka. Pakiti ya Ulaya ikisema “Machi hadi Mei”, inasema kweli kwa mkulima wa Ulaya. Katika miezi hiyo majira yao ya baridi kali yamekwisha, theluji imeyeyuka, na udongo unaanza kupata joto. Mkulima wa Uingereza husubiri wakati huo kwa hamu, naye hukosea vilevile akisia mapema mno kwa sababu ameona siku mbili za jua.

Katika Njombe na Makete, Machi hadi Mei ni mwisho wa mvua na mlango wa baridi. Mbegu ya nyanya iliyosiwa Mei kwa kuitii pakiti huota vizuri kwa joto lililobaki, kisha miche yake hukutana na Juni na Julai ikiwa bado michanga. Majira ya hapa yanayolingana na yale yanayotajwa na pakiti ni ya Septemba hadi Novemba, wakati baridi imeondoka na mvua ya msimu inakaribia. Kwa hiyo katibu anaposoma pakiti, na ajiulize mwandishi wake alikusudia udongo wa namna gani. Jina la mwezi lifuate baadaye.

Lipo jambo moja ambalo hakuna tarehe iwezayo kulisahihisha, nalo ni aina ya mbegu. Kitunguu huanza kujaza kiazi chake mchana unapofikia urefu fulani. Aina nyingi za Ulaya ya kaskazini hungoja mchana wa saa 14 hadi 16. Katika Tanzania mchana haufiki saa 13 katika mwezi wowote. Aina hizo zikipandwa hapa hutoa majani mazuri na shingo nene, lakini kitunguu hakijazi. Chama kichague aina za mchana mfupi, kama vile Red Creole na Bombay Red, kabla ya kushughulika na siku ya kusia.

2. Joto la udongo

Mbegu ni kitu chenye uhai kilicholala. Ikipata maji huvimba, na ikipata joto la kutosha huanza kutoa mzizi. Ikipata maji bila joto, huvimba na kungoja, na katika kungoja huko ukungu na wadudu wa udongo huiwahi. Ndiyo maana kumwagilia sana kitalu chenye baridi hakusaidii, bali huharakisha kuoza.

Kila mboga ina kiasi chake. Hesabu zifuatazo ni siku za kutokeza mche juu ya udongo tangu mbegu nzima iliposiwa katika kina cha kawaida, udongo ukiwa na unyevu wa kutosha. Nyuzi ni za sentigredi, na zinahusu joto la udongo wala si la hewa.

Vitunguu: nyuzi 10, siku 13, nyuzi 15, siku 7, nyuzi 20, siku 5.
Kabichi: nyuzi 10, siku 15; nyuzi 15, siku 9; nyuzi 20, siku 6.
Karoti: nyuzi 10, siku 17, nyuzi 15, siku 10, nyuzi 20, siku 7.
Nyanya: nyuzi 10, siku 43, nyuzi 15, siku 14, nyuzi 20, siku 8.
Maharage: nyuzi 10, hayaoti, nyuzi 15, siku 16, nyuzi 20, siku 11.
Pilipili hoho: nyuzi 10, haioti; nyuzi 15, siku 25; nyuzi 20, siku 13.

Hesabu hizi zafundisha mambo mawili. Kwanza, kabichi, karoti na vitunguu ni mboga za ubaridi. Zinaweza kusiwa mapema, na tofauti ya nyuzi 5 huzichelewesha kwa siku chache tu. Pili, nyanya, maharage na pilipili hoho ni mboga za joto. Nyanya katika udongo wa nyuzi 10 huhitaji majuma 6 kutokeza, na ni mbegu chache zitakazosalimika muda wote huo. Mwanachama aliyesia nyanya tarehe 1 katika udongo wa nyuzi 10 na jirani aliyesia tarehe 25 katika udongo wa nyuzi 20 wataona miche yao hivi: jirani ataanza kuiona siku kumi na moja kabla ya yule aliyewahi.

Kupima joto la udongo hakuhitaji maarifa makubwa. Kipimajoto cha kawaida kinatosha, ilimradi kichimbiwe tundu kwa kijiti ili kisivunjike. Kipimwe kina cha sentimita 5 kwa kitalu, saa 3 asubuhi, kwa siku 7 mfululizo, na kila kipimo kiandikwe. Kipimo cha siku moja hudanganya, kwa kuwa mchana mmoja wa jua kali waweza kuupasha moto udongo wa juu, na usiku mmoja ukaupoza tena. Joto la asubuhi likiwa nyuzi 15 au zaidi kwa juma zima, nyanya zaweza kusiwa bila hofu kubwa, kwa kuwa mchana udongo huo utapanda zaidi. Kwa kabichi, karoti na vitunguu, nyuzi 10 za asubuhi zinatosha.

Ikumbukwe pia kwamba joto hupungua kadiri mtu anavyopanda juu, kwa kiasi cha nyuzi 6 hivi kwa kila meta 1,000. Mwanachama wa Njombe, karibu meta 2,000 juu ya bahari, hawezi kuiga tarehe za mkulima wa nyanya wa Ilula aliye chini zaidi. Hata ndani ya chama kimoja, wanachama wa kitongoji cha juu na wale wa kitongoji cha chini huenda wakahitaji tarehe mbili.

3. Bondeni: penye maji ndipo penye jalidi

Wakulima wa Iringa na Njombe wanayo elimu ya zamani ya vinyungu, yaani matuta ya bondeni yenye mifereji katikati, yanayolimwa wakati wa kiangazi kwa unyevu uliobaki ardhini. Vinyungu ndivyo vinavyowezesha mboga kupatikana Septemba na Oktoba, wakati mashamba ya mlimani ni makavu na bei ni nzuri. Mkulima wa bonde hana haja ya kungoja mvua. Lakini bonde lenye maji ndilo pia bonde la baridi.

Sababu yake ni hii. Usiku usio na mawingu ardhi hupoteza joto lake upesi. Hewa iliyoigusa ardhi hiyo hupoa, na hewa baridi ni nzito kuliko hewa vuguvugu. Hivyo huteremka mlimani polepole kama maji, ikajikusanya bondeni. Asubuhi mkulima wa mlimani huona umande wa kawaida, na mkulima wa bondeni hukuta umande ulioganda mweupe juu ya majani, yaani jalidi. Mche wa nyanya au wa maharage ulioguswa na jalidi hugeuka mweusi jua likichomoza, na haufai tena. Kabichi iliyokomaa kidogo huvumilia. Katika sehemu za juu zaidi, kama uwanda wa Kitulo unaozidi meta 2,500, jalidi ni jambo la kutazamiwa wakati wa baridi.

Kwa hiyo mkulima wa kinyungu anapoamua siku, na azingatie yafuatayo:

(a) Kitalu cha nyanya au hoho kisiwekwe chini kabisa bondeni hata kama maji yako karibu. Kiwekwe kwenye mteremko, karibu na nyumba, mahali panapopata jua la asubuhi. Katika Juni na Julai jua liko upande wa kaskazini, hivyo mteremko unaoelekea kaskazini huwa na udongo wenye joto zaidi kuliko ule unaoelekea kusini.

(b) Kitalu kifunikwe usiku kwa nyasi juu ya fito, au kwa nailoni iliyoinuliwa isiguse miche, na kifunuliwe asubuhi. Udongo mweusi uliochanganywa na mbolea ya samadi iliyooza vizuri hupata joto upesi kuliko udongo mzito uliojaa maji.

(c) Mboga za ubaridi zitangulie bondeni, na mboga za joto zifuate baada ya hatari ya jalidi kupita. Hata hivyo kabichi nayo isitangulizwe mno. Mche wa kabichi ulionenepa shina kiasi cha penseli, kisha ukakaa katika baridi ya chini ya nyuzi 10 kwa majuma mengi, huweza kutoa maua badala ya kufunga kichwa.

(d) Matuta yasisogezwe mpaka ukingoni mwa mto au chemchemi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda eneo la meta 60 kutoka kwenye vyanzo vya maji. Chama kinachotoa mkopo wa mbegu kwa shamba lililo ndani ya eneo hilo kinahatarisha fedha ya wanachama.

4. Mlimani: mvua ya kwanza na mvua yenyewe

Mkulima wa mlimani hana jalidi la kuogopa mwezi Novemba, lakini anayo mvua ya kungoja. Nyanda za Juu Kusini hupata msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili au Mei. Hii ni tofauti na mikoa ya kaskazini, kama Kilimanjaro na Tanga, yenye vuli ya Oktoba hadi Desemba na masika ya Machi hadi Mei. Kwa sababu hiyo kalenda ya mboga ya Lushoto haifai kunakiliwa Njombe.

Kosa la kawaida ni kuhamisha miche kwa mvua ya kwanza. Mvua moja kubwa huja, watu wote hutoka na majembe, kisha jua huwaka majuma mawili. Mbinu nzuri ni kupima. Chombo cha mvua kilichowekwa mahali pa wazi, mbali na miti na paa, humwambia mkulima kiasi kilichoanguka. Milimita 1 ya mvua ni sawa na lita 1 ya maji katika kila meta moja ya mraba. Mvua ya milimita 20 au zaidi iliyonyesha kwa siku mbili au tatu, ikafuatwa na mvua nyingine kabla ya siku 10 kupita, yaweza kuhesabiwa kuwa mwanzo wa msimu. Pasipo mvua ya pili, mkulima asubiri, au awe na maji ya kumwagilia.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa mvua za msimu kabla hazijaanza, ikieleza zinatazamiwa kuwa za wastani, juu ya wastani au chini ya wastani, na wakati zinapotazamiwa kuanza katika kila kanda. Katibu ana wajibu wa kuupata utabiri huo na kuusoma mbele ya wanachama. Hauondoi kazi ya kupima, bali huipa mwelekeo. Misimu ya 1997/98 na 2023/24, ambayo El Niño ilileta mvua nyingi kupita kawaida katika sehemu nyingi za nchi, ni ushahidi kwamba desturi ya miaka iliyopita pekee haitoshi kumwongoza mkulima.

Mvua nyingi nayo ni adui wa mboga fulani. Nyanya zinazokua Januari na Februari hukutana na bakajani chelewa, ugonjwa unaoenea haraka sana wakati wa mvua, mawingu na ubaridi. Mwanachama asiye na uwezo wa kununua dawa na kunyunyiza kwa wakati, ni heri apande kabichi au karoti mlimani wakati wa mvua, na nyanya azipangie kiangazi bondeni.

Kabla ya kusia karoti au maharage moja kwa moja shambani, udongo wenyewe uulizwe. Mkulima achukue konzi ya udongo kutoka kina cha kidole na aufinye. Ukitoka maji au ukabaki tope linalong'aa, umelowa mno. Ukilimwa hivyo utashikamana na kukauka kama tofali. Ukimomonyoka wote mkononi, umekauka mno. Ukishikamana kuwa donge, kisha donge likavunjika kwa kuguswa na kidole, hiyo ndiyo siku yake.

5. Kuhesabu kurudi nyuma

Baada ya kujua siku ambayo shamba litakuwa tayari kupokea miche, hesabu hurudishwa nyuma. Mifano miwili ifuatayo ni ya kufundishia tu. Kila chama kitumie tarehe za daftari lake chenyewe.

Mfano wa kwanza ni kabichi ya mlimani. Ichukuliwe kwamba mvua inatazamiwa kutulia mwishoni mwa Novemba, na siku ya kuhamisha ni tarehe 1 Desemba. Udongo wa kitalu mwezi Oktoba una nyuzi 20, kwa hiyo mbegu itatokeza baada ya siku 6. Mche utakua kitaluni siku 30 mpaka uwe na majani 4 au 5. Jumla ni siku 36. Kurudi nyuma siku 36 kutoka tarehe 1 Desemba ni tarehe 26 Oktoba. Katika siku 7 za mwisho, kuanzia tarehe 24 Novemba, miche ipunguziwe maji na kivuli ili ikomae na kuzoea jua.

Mfano wa pili ni nyanya ya bondeni. Ichukuliwe kwamba daftari la chama laonyesha kuwa jalidi ya mwisho kwa kawaida huonekana kabla ya Septemba, na mwanachama ameamua kuhamisha tarehe 10 Septemba. Kwa kuwa kitalu kitakuwa katika majira ya ubaridi, ajiwekee siku 45. Tarehe ya kusia ni 27 Julai. Tarehe hiyo iko ndani ya baridi, kwa hiyo ni lazima kitalu kiwe mteremkoni na kifunikwe, kama ilivyoelezwa. Asiye na mahali pa namna hiyo asisie Julai. Angoje mpaka kipimajoto kimruhusu, na akubali kuvuna baadaye kidogo.

Methali mbili hushindana katika kazi hii. Moja yasema haraka haraka haina baraka. Nyingine yasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Njia ya kuzipatanisha ni kutosia mbegu yote siku moja. Mkulima wa mfano wa kwanza na agawe mbegu yake mafungu matatu: fungu moja tarehe 26 Oktoba, la pili tarehe 9 Novemba, na la tatu tarehe 23 Novemba. Mvua ikiwahi, fungu la kwanza liko tayari. Mvua ikichelewa hadi katikati ya Desemba, miche ya kwanza itakuwa imezeeka kitaluni, lakini ya pili itakuwa imefikia kimo chake hasa siku hiyo. Tena mavuno yake hayatafika sokoni kwa mkupuo mmoja.

6. Kuipima mbegu kabla ya kuigawa

Hesabu zote zilizotangulia hazifai kitu ikiwa mbegu yenyewe imekufa. Chama kinunue mbegu zenye lebo ya kuthibitishwa ubora, na kila mzigo upimwe kabla ya kugawanywa. Mbegu 100 huhesabiwa, huwekwa juu ya kitambaa safi chenye unyevu, hukunjwa na kuwekwa mahali penye vuguvugu, kama vile karibu na jiko lakini si juu ya moto. Kitambaa kisiachwe kikauke. Kwa kabichi, zilizoota huhesabiwa baada ya siku 7 hadi 10; kwa nyanya na vitunguu, baada ya siku 10 hadi 14. Zilizoota 80 kati ya 100 ni mbegu nzuri. Zikiota 50, mbegu zaweza kutumika, lakini kipimo kiongezwe.

Mfano: robo ekari ya kabichi kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 45 yahitaji miche 3,750 hivi. Ikiwa mbegu 80 huota kati ya 100, na mche mmoja kati ya kumi utapotea kitaluni, zahitajika mbegu 5,200 hivi, yaani karibu gramu 18, kwa kuwa gramu moja ya kabichi ina mbegu kama 300. Ikiwa zinaota 50 tu, zahitajika mbegu 8,300, yaani gramu 28. Mwanachama asiyepima hawezi kujua yuko katika hesabu ipi. Mbegu za vitunguu hasa hazikai. Zilizobaki tangu mwaka uliopita zisigawiwe kabla ya kupimwa upya.

Kipimo hiki kina faida nyingine kubwa, nayo ni kumaliza ugomvi. Siku mwanachama anaposia kitaluni, mbegu 20 za pakiti ileile zisiwe katika kopo la udongo na kuwekwa jikoni penye vuguvugu. Zikiota jikoni na kitaluni zisiote, mbegu haina lawama; kitalu ndicho chenye baridi, au maji yamezidi, au kina kimezidi sentimita 1. Zisipoota pote pawili, chama kina ushahidi wa kumpelekea muuzaji. Zikiota kitaluni kisha miche ikalala chini na kuoza shingoni, huo ni ugonjwa wa kinyausi, unaotokana na msongamano na unyevu mwingi, na dawa yake ya kwanza ni kupunguza maji na kupunguza miche.

7. Daftari la chama

Haya yote yanaweza kufanywa na mkulima mmoja mmoja, lakini chama kina nguvu ambayo mtu mmoja hana, nayo ni kumbukumbu ya wengi. Kila chama cha msingi kifungue daftari moja lenye safu saba: tarehe, joto la udongo saa 3 asubuhi, mvua kwa milimita, jalidi, imeonekana au haikuonekana, na ni bonde lipi, mboga iliyosiwa na nani, siku ilipotokeza, na siku ya mavuno ya kwanza. Kipimajoto kimoja na chombo kimoja cha mvua kwa kila kitongoji vinatosha. Kazi hiyo yaweza kukabidhiwa mwanachama kijana anayeaminika, akishirikiana na Bwana Shamba au Bibi Shamba wa kata.

Baada ya misimu mitatu au minne daftari hilo litakuwa hazina. Litaonyesha mabonde yenye jalidi ya kuchelewa, na kama mvua ya pili hufuata ya kwanza kwa kawaida au hudanganya. Litaonyesha pia wanachama wangapi wamesia kabichi juma lilelile, na hapo ndipo soko linapoingia. Katibu akiona wanachama arobaini wamesia siku moja, aweza kuwaita na kuwashauri baadhi yao wasubiri juma mbili au wabadili mboga, kabla bei haijaanguka. Ushauri huo hauwezi kutolewa na mtu asiye na kumbukumbu.

Zaidi ya hayo, kamati ya mikopo inapoketi kujadili deni la kitalu kilichoharibika, itakuwa na maandishi mbele yake. Mwanachama aliyefuata vipimo na akapata hasara kwa jalidi isiyotarajiwa astahili kufikiriwa tofauti na yule aliyesia nyanya bondeni mwezi Juni kinyume cha ushauri. Bila daftari, wawili hao huonekana sawa, na haki hukosekana.

Maswali ya kujadili katika mkutano wa wanachama

1. Ni mabonde gani katika eneo la chama huonekana jalidi, na huonekana mwisho mwezi gani? Ni nani mwenye kumbukumbu ya miaka mingi zaidi?

2. Mwanachama anataka kuhamisha nyanya tarehe 20 Septemba, na kitalu chake chahitaji siku 45. Asie tarehe gani? Je, mahali pa kitalu chake panafaa kwa tarehe hiyo?

3. Mbegu 60 kati ya 100 zimeota katika kipimo. Ikiwa mche mmoja kati ya kumi hupotea kitaluni, zahitajika mbegu ngapi ili kupata miche 2,700?

4. Chama kitanunua lini kipimajoto na chombo cha mvua, na ni nani atakayekabidhiwa daftari?

Majibu ya hesabu: swali la 2, tarehe 6 Agosti, swali la 3, mbegu 5,000.